Mtu wa Butiama na Gharama ya Ulinzi

Tanganyika ilipokuwa inaelekea uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961, Julius Nyerere alijiuliza swali ambalo viongozi wachache wa wakati ule walithubutu kulitamka: nchi maskini kama hii inahitaji jeshi la kazi gani? Alikwisha kuandika kabla ya uhuru kwamba nchi ya Kiafrika ikijizatiti kwa silaha, ukweli ni kwamba silaha hizo haziwezi kumwelekea mtu mwingine ila Mwafrika jirani. Kwa hesabu yake, shilingi iliyonunua risasi ilikuwa imeondolewa kwenye zahanati au darasa, na Tanganyika ilikuwa na upungufu wa vyote viwili. Ikabaki na jeshi kwa sababu ililikuta pale: vikosi viwili vilivyorithiwa kutoka King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, kimoja Colito nje kidogo ya Dar es Salaam na kingine Tabora, vyenye askari wapatao 2,000 na maofisa ambao wengi wao walikuwa Waingereza.

Mawazo hayo hayakuwa ya mtu asiyejua ulinzi ni nini. Nyerere alizaliwa Butiama, katika mkoa wa leo wa Mara, mwaka 1922, mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki, katika nchi ambayo kumbukumbu ya mapigano ya kugombea mifugo ilikuwa bado mbichi. Jamii za Mara, Wazanaki, Waikizu, Wakurya na wengineo, ziliishi kwa marika. Kijana akishaingia rika lake alikuwa mlinzi wa ng'ombe na wa boma bila kulipwa mshahara, na vita vikiisha alirudi kwenye jembe na malisho. Hakukuwa na kundi la watu waliokula kwa kazi ya kushika mkuki peke yake. Sidai kwamba sera ya ulinzi ya Tanzania ilitoka moja kwa moja kwenye marika ya Uzanaki; hiyo ingekuwa kumsemea Nyerere. Lakini anayefuatilia alichokifanya baadaye, Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), kisha mgambo, hawezi kuacha kuona jinsi kilivyoshabihiana na utaratibu uliomlea kabla hajapelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934.

Kwa upande mwingine, Mara ilikuwa imekwisha kulijua jeshi la mshahara. Waingereza walikuwa na imani yao kwamba yako makabila yaliyozaliwa kwa ajili ya vita, na Wakurya waliwekwa kwenye orodha hiyo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia vijana wengi wa Mara waliandikishwa. Mmoja wao alikuwa David Musuguri, mzaliwa wa Butiama wa mwaka 1920, aliyeingia KAR mwaka 1942 na kupelekwa Madagaska. Kijiji kimoja basi kilitoa watu wawili ambao historia ya ulinzi wa nchi hii haiwezi kusimuliwa bila wao: mmoja aliyetilia shaka haja ya kuwa na jeshi, na mwingine aliyelitumikia tangu akiwa kuruta.

Shaka ya Nyerere ilijibiwa vibaya usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964. Kengele ya hatari ilipigwa Colito usiku wa manane. Maofisa wa Kiingereza waliotoka mbio kuona kuna nini walikamatwa na askari wao wenyewe na kufungiwa. Magari ya jeshi yakaingia mjini, yakashika uwanja wa ndege, redio na njia za kuelekea Ikulu. Oscar Kambona, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje na Ulinzi, akaenda kuzungumza na askari waliokuwa na bunduki mikononi. Madai yao yalikuwa mawili. Walitaka maofisa wa kizungu waondoke na nafasi zao washike Waafrika, na walitaka mshahara wa askari wa chini upande kutoka shilingi 105 kwa mwezi hadi 260. Siku iliyofuata Tabora nayo ikaasi.

Nauona uasi ule kama mgogoro wa bajeti ya ulinzi kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Waasi hawakuwa na chama, hawakuwa na mpango wa kutawala, wala hawakuwa na mtu wa kumweka Ikulu. Walikuwa askari wa nchi huru wanaolipwa kama askari wa koloni, chini ya maofisa wale wale. Serikali iliyoona jeshi kuwa gharama isiyo ya lazima ilikuwa imeliacha jinsi lilivyokuwa, na jeshi lililoachwa hivyo likakaribia kuiangusha serikali. Tarehe 25 Januari, kwa ombi la Nyerere, makomando wa Uingereza waliletwa kwa helikopta kutoka manowari ya Centaur. Kufikia mchana Colito ilikuwa imesalimu amri. Rais wa nchi iliyokuwa huru kwa miaka miwili tu alikuwa amelazimika kumwita mkoloni aje amlinde dhidi ya askari wake.

Fedheha hiyo hakuificha. Mwezi Februari aliwaita mawaziri wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) Dar es Salaam, akawaeleza kilichotokea, akaomba askari wa Kiafrika wachukue nafasi ya Waingereza. Nigeria ikatoa kikosi. Jeshi la zamani likavunjwa karibu lote, na Mirisho Sarakikya, kijana wa Kimeru aliyesomea Sandhurst, akapewa kazi ya kuunda jingine. Tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi. Safari hii askari hawakutafutwa katika makabila yanayosifiwa kwa vita. Walitoka nchi nzima, wengi kupitia Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala, na askari akaruhusiwa kuwa mwanachama wa chama hicho. Wapo hadi leo wanaoona hapo kosa la kuchanganya siasa na bunduki. Kwa hali ya mwaka ule mimi sioni alikuwa na njia gani nyingine. Baadhi ya majirani waliotenganisha kambi na siasa kwenye karatasi walipinduliwa na kambi hizo.

Likabaki swali la fedha, na la nani atoe zana na mafunzo. Hapa Nyerere alijifunza haraka, na kwa hasara. Ujerumani Magharibi ilikuwa inasaidia kuanzisha kikosi cha anga. Mwaka 1965, baada ya Muungano na Zanzibar, ikaudhika kwamba Ujerumani Mashariki imeruhusiwa kuwa na ofisi ya ubalozi mdogo Dar es Salaam, ikawaondoa walimu wake wa kijeshi ghafla. Nyerere akawajibu wachukue na misaada mingine yote. Desemba ya mwaka huo huo akavunja uhusiano na Uingereza kwa sababu haikuwazuia walowezi wa Rhodesia kujitwalia uhuru, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukayeyuka. Kanada ikafundisha maofisa na marubani kwa miaka kadhaa. Kisha China ikaongeza mikopo isiyo na riba, silaha, walimu na ujenzi wa kambi, na ikakaa. Wenye kupenda kusema alikuwa kibaraka wa Peking wanasahau kwamba aliegemea huko zaidi baada ya milango miwili ya Magharibi kufungwa ndani ya mwaka mmoja, na kila mlango ulifungwa kwa sababu alikataa kupangiwa msimamo.

Nguzo nyingine ya ulinzi wake haikuhitaji meli za silaha. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa Julai 1963, miezi michache kabla ya uasi, na mwanzoni lilikuwa la kujitolea. Serikali ilipotaka kulifanya la lazima kwa wahitimu wa vyuo na kidato cha sita, wasomi waliona wameonewa. Masharti yalikuwa miaka miwili: miezi michache ya kwata na jembe kambini, halafu mwaka mmoja na nusu kazini wakilipwa asilimia 40 ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana hadi Ikulu, wengine wamevaa majoho, na mabango yao yalidai kwamba hata wakati wa ukoloni ulikuwa nafuu.

Nyerere aliwasikiliza wakasoma risala yao hadi mwisho. Kisha akaanza kujibu, polepole mwanzoni, hasira ikapanda kadiri alivyoendelea. Walichomtonesha kidonda nacho ni mshahara. Akakubaliana nao kwamba mishahara ya wakubwa ni mikubwa mno, wake wa shilingi 5,000 ukiwamo, na pale pale akatangaza kuupunguza kwa asilimia 20. Mawaziri na wakubwa wengine wakafuata. Wanafunzi karibu 400 wakafukuzwa chuo na kurudishwa makwao chini ya ulinzi wa polisi. Wengi walisamehewa mwaka uliofuata. Miezi mitatu na kitu baada ya siku hiyo likatangazwa Azimio la Arusha. Mtu akiniuliza ni lini Nyerere alieleza waziwazi namna ya kulipia ulinzi wa nchi, sitamtajia hotuba ya bajeti. Nitamtajia siku hiyo Ikulu: aliyesomeshwa kwa kodi ya mkulima ailipe kwa jasho lake, na anayetawala aanze kukatwa yeye.

Mji wa Musoma ulikuja kuliingiza jambo hilo katika sera ya elimu. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana huko na kutoa Azimio la Musoma. Wengi wanalikumbuka kwa elimu ya msingi kwa watoto wote, lakini lilisema pia kwamba kijana wa kidato cha sita asiende Chuo Kikuu moja kwa moja. Apite kwanza JKT, afanye kazi, apendekezwe na wenzake kazini, ndipo arudi darasani.

Kati ya matukio hayo hatari za nje zilikuwa zimesogea. Kusini Wareno walikuwa wanapigana na FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, na Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU. Novemba 1970 Wareno waliivamia Guinea ya Sékou Touré kutoka baharini. Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin akampindua Milton Obote nchini Uganda. Mwezi uliofuata TANU ikatoa Mwongozo, na humo ikaamuliwa kwamba ulinzi wa nchi usiachiwe wanajeshi peke yao: wananchi wafundishwe kutumia silaha, mijini na vijijini. Ndipo mgambo ilipoota mizizi. Kwa hazina ya nchi maskini hesabu ilikuwa wazi, kwa sababu mgambo analala kwake, anakula kwake, na analima shamba lake hadi siku atakapoitwa.

Siku hiyo ilifika mwishoni mwa Oktoba 1978. Majeshi ya Amin yaliingia Kagera, yakaua raia, yakapora ng'ombe, mitambo na mabati, yakalipua daraja la Kyaka, na Amin akatangaza kwamba eneo lote la kaskazini ya mto, kilometa za mraba zipatazo 1,800, ni mali ya Uganda. Tarehe 2 Novemba Nyerere alilihutubia taifa, na hoja zake tatu hadi leo watoto wanazijua kwa moyo: uwezo, sababu na nia.

Juu ya sababu na nia hakuna aliyebishana. Uwezo ndio uliokuwa mtihani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka uliotangulia, mpaka na Kenya umefungwa, na Tanzania ilikuwa inajenga upya shirika la ndege, reli na posta kutoka karibu na sifuri. Jeshi lilikuwa na watu wasiofika 40,000. Ndani ya miezi michache likavuka 150,000, na kati yao mgambo walikuwa kama 40,000. Malori ya mashirika ya umma na ya watu binafsi yalichukuliwa kupeleka askari na chakula. Wananchi wa mikoa mbalimbali walichanga ng'ombe, nafaka na fedha. Mwanza ikawa njia ya vita, kwa maana kutoka huko watu na mizigo walivushwa ziwa kwenda Bukoba. Nayo haikusalimika kabisa: Machi 1979 ndege ya Libya, mshirika wa Amin, ilikuja kuilipua, mabomu yakakosa mji na kuangukia hifadhi ya wanyama, yakaua swala.

Hapa Musuguri anaingia. Alikabidhiwa Divisheni ya 20, iliyovuka mpaka wa Mutukula na kupigana hadi Lukaya, ambako Machi 1979 askari wa Libya walishindwa, na hatimaye Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili. Aliyekuwa kuruta wa mkoloni akawa jenerali wa Jeshi la Wananchi, na mwaka 1980 akawa Mkuu wa Majeshi, nafasi aliyoishika hadi 1988. Mara ilitoa wengine wengi katika vita ile, wenye vyeo na wasio navyo. Hesabu ya serikali ilikuwa askari 373 waliokufa. Raia waliouawa Kagera walikuwa wengi kuliko hao.

Na fedha? Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni dola milioni 500. Sensa ya 1978 ilihesabu Watanzania milioni 17.5. Ukigawa, ni karibu dola 29 kwa kila mtu, kichanga aliye mgongoni akiwemo, katika nchi ambayo fedha za kigeni zilitokana na kahawa, pamba, katani na korosho. Nchi za OAU hazikumlaani Amin kwa uvamizi wake. Mkutano wa Monrovia wa Julai 1979 ulimkuta Nyerere akishutumiwa na Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria kwa kuvuka mpaka. Msaada wa maana wa kufidia gharama haukuja. Bei ya mafuta ikapanda mwaka huo huo. Nyerere akawaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18.

Miezi 18 ilipita na mikanda haikulegea. Nadhani huu ndio upande wa habari ambao hausimuliwi vya kutosha kwenye sherehe za mashujaa. Mkulima wa pamba wa Bunda, mkoani Mara, ambaye chama chake cha ushirika kilikuwa kimefutwa tangu 1976, aliuza kwa mamlaka ya serikali kwa bei iliyopangwa, mara nyingi akasubiri malipo. Akipata hela, duka halikuwa na sabuni wala khanga. Viwanda vilikosa vipuri kwa sababu dola zilikuwa zimekwenda kwenye silaha, mafuta na madeni. Mpaka wa Kenya pale Sirari ulibaki umefungwa rasmi hadi mwishoni mwa 1983, na watu wa Mara waliovuka usiku kwenda Kenya kutafuta sukari waliitwa walanguzi. Waliolipia ushindi wa Kampala ni hao, kwa foleni na kwa viraka, kuliko ilivyolipiwa na mtu mwingine yeyote.

Alikuwapo waziri aliyetaka hesabu nyingine. Edwin Mtei wa Fedha aliona nchi haiwezi kubeba mzigo ule bila kukubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Nyerere alikataa, na mwishoni mwa 1979 Mtei akajiuzulu. Kwa Rais, kupokea masharti ya kushusha thamani ya shilingi na kukata huduma ilikuwa kumpa mgeni ufunguo wa nyumba uliyotoka kuipigania. Namheshimu kwa hilo. Lakini naamini pia kwamba taifa lilistahili kupewa hesabu yote mapema, shilingi kwa shilingi: vita imekula kiasi gani, majeshi yaliyobaki Uganda hadi 1981 yanakula kiasi gani, na nani atalipa kwa muda gani. Watu waliokubali kwenda vitani kwa hotuba moja ya redio wangeweza kuaminiwa na hesabu hizo.

Badala yake juhudi zilielekezwa katika kulifanya jeshi lijitegemee. Mwaka 1981 likaundwa Shirika la Uzalishaji Mali la JKT, lilime, lijenge na lifuge ili kambi zipunguze kutegemea hazina. Morogoro kilikuwapo kiwanda cha Mzinga, na Kibaha kikajengwa kituo cha Nyumbu, ambako mafundi wa jeshi walisanifu lori lao. Lori la Nyumbu halikuingia kamwe katika uzalishaji mkubwa, lakini wazo lilikuwa sahihi: aliyeona majeshi yake yakienda vitani kwa malori ya kuazima alikuwa na haki ya kutaka la kwake.

Nyerere aliondoka Ikulu mwaka 1985 na kurudi Mwitongo, Butiama, kulima mahindi yake. Jeshi lilimjengea nyumba huko, lakini alikaa humo siku chache tu kabla ya kwenda London kwa matibabu, ambako alifariki tarehe 14 Oktoba 1999. Musuguri naye alistaafia Butiama, akaishi hadi Oktoba 2024, miaka 104, na akazikwa hapo hapo nyumbani.

JKT ya lazima ilisitishwa mwaka 1994, na sababu kubwa ilikuwa fedha: serikali haikuwa na uwezo wa kulisha na kuvisha maelfu ya vijana kila mwaka. Ikarudishwa mwaka 2013. Kambi ya Rwamkoma iko katika mkoa huo huo wa Mara, na kila mwaka hupokea vijana waliomaliza kidato cha sita, wanaonyolewa, wanaamshwa alfajiri kwa mchakamchaka, wanashika jembe na bunduki. Hawaendi wote wanaostahili. Nafasi hazitoshi, na anayebaki bila kuitwa huondoka hivyo hivyo kwenda chuoni. Bunge la Dodoma linapojadili bajeti ya Wizara ya Ulinzi, wabunge huuliza habari za vyakula, magodoro na mabweni ya JKT pamoja na zana za jeshi. Wanafanya vema kuuliza. Kambi ikikosa godoro, kijana wa Bunda aliyefaulu hatapiga kwata bega kwa bega na wa Masaki, mtaa wa wenye nacho wa Dar es Salaam, na hapo mpango wa Nyerere unakuwa umepoteza nusu yake hata kama maghala ya silaha yamejaa.